Somo: Jirani Anapoomba Hati za Mkandarasi Kabla ya Mti Kukatwa

Jirani akikuomba hati za mkandarasi utakayemleta kukata mti, usilichukulie ombi hilo kuwa ni kukushuku. Meta moja ya ujazo ya mti mbichi huweza kukaribia uzito wa tani 1, na gogo la namna hiyo likichomoka kwenye kamba haliulizi mpaka uko wapi.

Hatua ya kwanza: mwulize anachokihofia hasa, kama ni paa lake, ukuta, au mafundi kupita kwenye kiwanja chake. Anayedai kila karatasi, aghalabu anataka kujua jambo moja tu: nani atalipa kikivunjika kitu.

Hatua ya pili ndiyo ya kukawia. Mwombe mkandarasi hati ya bima ya madhara kwa watu wengine, uthibitisho wa bima ya wafanyakazi wake, na leseni pale sheria inapoitaka. Soma jina kwanza, kwa maana si ajabu hati ikawa ya kampuni moja na watakaopanda mti wakawa wa nyingine. Kisha angalia kama bima itakuwa hai siku ya kazi, si siku unayoisoma, na kama inakinga kazi ya kukata miti, kwa kuwa bima ya mtunza bustani inaweza kuwa imeziacha nje kazi za juu. Picha iliyotumwa kwa simu haitoshi. Ipigie kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Vyeti vya ujuzi ni jambo jingine. Cheti cha mtaalamu wa miti cha International Society of Arboriculture (jumuiya ya kimataifa ya utunzaji wa miti), kwa mfano, hupewa mtu binafsi, hakipewi kampuni, na huhuishwa kila baada ya miaka 3. Basi uliza kama mwenye cheti atakuwepo, au jina lake ni pambo la tangazo.

Hatua ya tatu: mpe jirani nakala kwa ridhaa ya mkandarasi, ukiwa umeficha namba za vitambulisho na bei mliyopatana, ambayo haimhusu. Ambatisha barua fupi yenye tarehe, saa na matawi yatakayoguswa. Usiandike kwamba hakuna kitakachoharibika, kwani hapo utakuwa umejifanya mdhamini.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkandarasi anasema hati zake ni siri. Nifanyeje?
Jibu: Tafuta mwingine.

Swali: Jirani ameziona hati na bado anakataa. Je, naweza kuendelea?
Jibu: Ikiwa mti ni wako na kazi yote inafanyika ndani ya kiwanja chako, kwa kawaida kuonyeshwa hati hakumpi mamlaka ya kuizuia. Kuingia kwenye kiwanja chake au kushushia matawi upande wake, hata hivyo, kunahitaji ridhaa yake, nami ningeitaka kwa maandishi. Mti uliosimama juu ya mpaka wenyewe ni habari nyingine, kwa sababu mahali pengi huhesabiwa kuwa mali ya wote wawili.

Swali: Atakayekata ni shemeji yangu, ana msumeno wake na hana hati yoyote. Nimjibu nini jirani?
Jibu: Mjibu hivyo hivyo, kwamba hana. Lakini kabla ya hapo iulize kampuni iliyokukatia bima ya nyumba kama itagharamia hasara itakayosababishwa naye, na kama itamhudumia yeye mwenyewe akianguka.