Jinsi ya kuzunguka visiwa vya Lamu kwa mashua siku moja (uliza maji kwanza, bei baadaye)

Wageni wengi wakifika Lamu wanafanya hivi: wanashuka jeti, anawajia kijana na picha za mashua kwenye simu, wanaanza kuvutana bei mpaka jasho liwatoke, wakishaelewana wanaambiwa basi kesho saa tatu asubuhi hapa hapa. Hakuna aliyeuliza kesho maji yanajaa saa ngapi. Na hilo ndo swali la kwanza wallahi, kabla hata ya bei, manake maji yakitoka yametoka, mashua ikikaa kwenye matope ya mikoko mtakaa nayo mpaka yarudi na hela yako ushalipa.

Kwa asiyejua, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, na pwani yetu hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni. Kwa hiyo ile saa nne asubuhi ambayo kila mtu anataka kwenda kutembea ndo saa ambayo maji yako mbali kabisa. Mwezi ukiwa nusu inageuka, saa nne ndo yamejaa, lakini ni maji mafu, hayapandi juu sana. Siku tamu za kutoka asubuhi kurudi jioni ni zile za katikati, tarehe 9 mpaka 12 hivi au 24 mpaka 27 za mwezi kwa kalenda ya Kiislamu, maji yanajaa kati ya saa tano na saa nane mchana. Hauna kalenda? Muulize mzee yeyote pale ukutani wa bandari, atakujibu bila kufungua simu. Hapo hapo utamjua nahodha pia. Ukimwambia unataka Jumamosi akaanza kuhesabu mwezi kwa vidole, huyo ni mtu wa bahari, akikwambia "hakuna shida, saa yoyote" wewe mshukuru utafute mwingine.

Sasa njia. Ukitaka kitu cha kuona na si kuogelea tu, nenda Takwa, kisiwa cha Manda. Ni mji wa zamani uliohamwa karne ya 17, msikiti wake mkubwa bado umesimama na ile nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683 hivi. Kwa nini waliondoka kila mtu ana yake, wengine wanasema visima viliingia chumvi, wengine wanasema ugomvi na watu wa Pate, kisiwa cha jirani, ila watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, wanajihesabu wametoka huko na wamekuwa wakirudi kwenye lile kaburi kuomba dua ya mvua, kwa hiyo ukifika usipande juu ya kaburi kupiga selfi tafadhali. Kule unaingia kwa mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, mwembamba, tanga linashushwa na mnasukumwa na pondo, mti mrefu wa kusukumia chini, pole pole, kaa wa mikokoni wanakimbia kwenye mizizi, hapo peke yake mimi naona nauli imerudi. Ingieni maji yakiwa bado yanapanda, saa moja kabla hayajajaa, mtembee mibuyuni kwa raha mtoke kabla hayajaanza kukimbia. Mkichelewa ni kutembea kwenye matope mpaka magotini, na yale matope yanameza kandambili.

Ukitaka samaki na matumbawe basi ni Manda Toto, kile kisiwa kidogo kaskazini mashariki ya Manda. Ni safari ya siku nzima na upepo ndo unaamua. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, upepo unatoka huko huko mnakoenda, kwa hiyo asubuhi ni kubisha, yaani kwenda huku na huku dhidi ya upepo mkikata mawimbi, lakini kurudi jioni mnateleza tu na upepo mgongoni na maji huwa maangavu. Kusi, upepo wa kusini, ni kinyume, kwenda raha, kurudi ndo kazi, na upepo wa mchana unazidi nguvu, kwa hiyo kama ni kusi ondokeni mapema na mgeuze mapema. Juni na Julai bahari inachafuka kweli kweli, hapo mimi ningekaa ndani ya mikoko tu, niende Matondoni kuangalia mafundi wanavyounda vyombo, nyuma ya kisiwa cha Lamu, hakuna mawimbi huko.

Kuweka Takwa na Manda Toto siku moja kwa tanga peke yake ni kujidanganya. Kuna wanaokuuzia vyote, na Pate juu yake! Pate ni ya kulala, isikupite hiyo. Chagua kimoja, halafu ukirudi mshuke Ras Kitau (ufukwe wa Manda) au Shela muogelee mpaka jua lipungue, inatosha. Kama ni bamvua na maji yanajaa jioni, geuza ratiba: asubuhi anzeni na kuogelea na kuvua, Takwa iwe saa tisa.

Kabla ya kulipa chochote, nenda ukakione chombo chenyewe, si picha. Jahazi ni kubwa mno kwa watu wanne, mashua au dau linatosha. Angalia ngama, maji yanayokusanyika chini ya chombo, kidogo ni kawaida, mbao zinavuja zote, lakini kama kijana anachota kwa upo (kata ya kutolea maji) bila kupumzika na bado mmefungwa nanga basi kalafati, ile pamba ya kuziba mbao, imechoka. Angalia tanga, viraka si tatizo, kamba iliyooza kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, ndo tatizo. Uliza kama kuna injini ya akiba na petroli imo, upepo ukifa saa kumi na moja utaelewa kwa nini. Laifjaketi ziwe za idadi yenu na uvae moja ujaribu kufunga, nyingine zimebakia mapambo, mkanda hauna kishikizo. Chombo cha kubeba abiria kinatakiwa kiwe na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Kenya (KMA), kuuliza si matusi. Na uliza mabaharia wawili au mmoja, mimi siendi na nahodha peke yake, mtu mmoja hawezi kushika usukani, kugeuza tanga na kumtoa mtoto wako majini kwa wakati mmoja.

Siku ya Ijumaa usiipange kama una haraka, watu wataswali na hiyo ni haki yao. Ramadhani pia, ukienda nenda mapema rudi mapema, na usile mbele yao kama vile uko peke yako.

Vitu vya kubeba: leso mbili (moja ya kichwa, nyingine ya kujifungia ukibadilisha nguo, manake kwenye mashua hakuna pazia wala choo, jisaidie kabla ya kutoka), shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, maji mengi kuliko unavyodhani. Simu tia kwenye mfuko usiopitisha maji au hata kopo la mfuniko wa kukaza. Mifuko ya plastiki ya kubebea acha kabisa, imepigwa marufuku Kenya tangu 2017. Viatu vya mpira vya kukanyagia mwamba, kule matumbaweni kuna wale viumbe weusi wenye miiba na ukimkanyaga mmoja siku imeisha. Kama bahari hukuchafua tumbo meza dawa mapema ukiwa bado nchi kavu, ukishaanza kutapika haikai.

Ndani ya chombo, kaa unapoambiwa. Upande upepo unakotoka ni goshini, upande wa tanga ni demanini, na mkibisha nyote mnahamia goshini kuweka uzito, wakati mwingine baharia anatoa ubao mrefu nje na kwenda kuukalia mwisho kabisa, matako juu ya maji. Wakigeuza tanga inama, foromali ni gogo zima linazunguka na halimuombi mtu radhi. Kutapika, demanini. Ukitapika goshini utarudishiwa na jirani zako pia.

Chakula elewaneni jana yake. Kawaida ni samaki wa kuchoma na wali wa nazi, jiko la makaa linakaa kwenye sanduku la mchanga hapo hapo ndani au mnapika ufukweni. Mwambie nahodha mnunue samaki sokoni asubuhi hata kama mna mishipi ya kuvua, ukipata changu mbili ni furaha lakini si shibe. Ndimu, pilipili na chumvi beba zako usizitegemee. Mifupa rudisha baharini, chupa rudisha mjini.

Pesa: bei iandikwe hata kwa meseji tu, kwamba ni ya chombo kizima au kwa kichwa, chakula kimo au hakimo, kiingilio cha Takwa analipa nani (pale pako chini ya Makumbusho ya Taifa, kiingilio kipo). Toa nusu asubuhi ya petroli na soko, nusu mkirudi jeti. Nahodha akisema asubuhi leo hapana, upepo si mzuri, usimbembeleze wala usimuongezee hela, sogeza kesho, na kumbuka kesho maji yatachelewa dakika zile 50. Bakshishi ya yule kijana wa kuchota ngama mpe mkononi mwake mwenyewe, ukimpa nahodha awagawie utakuwa umempa nahodha.