Jinsi ya kucheza Old Course pale St Andrews kama umezoea viwanja vya Nairobi

Juzi nilimpeleka binamu yangu kwenye kiwanja hiki cha gofu cha Uskoti, ndo nikaona niandike hii.

1. Kufika. Treni haifiki St Andrews, unashukia Leuchars unachukua basi la 99. Jumapili usipange, kwa kawaida siku hiyo hakuna gofu, watu wa mji wanatembeza mbwa wao.

2. Kura ya kupata nafasi ya kucheza. Mnajiandikisha mtandaoni mkiwa wawili hadi wanne, kabla ya saa nane mchana, siku mbili kabla ya kucheza. Yaani ya Alhamisi mwisho ni Jumanne. Mkikosa rudieni kesho yake.

3. Kedi, yaani mtu wa kukubebea fimbo na kukuelekeza. Chukua. Sibishani na mtu hapa.

4. Acha weji (fimbo ya kuinua mpira) kwenye begi, shika pata (fimbo ya kuusukuma uviringike chini). Hapa ndo binamu aliteseka mashimo manne mazima. Kwetu nyasi za kikuyu zinashika mpira, kwa hiyo umezoea kuuinua utue taratibu. Huku chini ni mchanga, nyasi ni fupi na nyembamba, ardhi ngumu, halafu upepo wa bahari. Jamaa alikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye grini (eneo la nyasi laini lenye shimo na bendera), akapiga weji, fimbo ikadunda chini kabla ya kugusa mpira na mpira ukaruka ukavuka grini yote. Akarudia vilevile upande wa pili! Kedi akachukua weji, akampa pata bila kusema neno.

Kwa hiyo hata ukiwa mita 30 nje ya grini, sukuma kwa pata. Mikono itulie, usitazame bendera, tazama ule mgongo wa ardhi ambapo mpira utaanza kuteremka, kedi atakuonyesha. Panua miguu kidogo kama upepo ni mkali. Ila kama kuna bunka (mtego wa mchanga) kati yako na shimo pata haisaidii, pitia pembeni hata kama ni mbali, na kama mvua imenyesha sana piga kwa nguvu kidogo zaidi. Jua pia grini 7 zinatumiwa na mashimo mawili mawili, ukijumlisha namba zake unapata 18 (la 2 na la 16, la 5 na la 13), ni kubwa mno, kwa hiyo hakikisha bendera ni yako: mashimo ya kwenda nyeupe, ya kurudi nyekundu.

5. Bunka. Ziko 112. Ukuta wa mbele ukiwa wima toka kwa nyuma, pigo moja lipotee yaishe. Ukiwa na shaka lenga kushoto.

6. Shimo la 17. Barabara ya nyuma ya grini inachezwa, hakuna msamaha. Mpira wa pili uache mbele ya grini upande wa kulia, halafu pata tena.

7. La 18. Picha kwenye daraja la Swilcan piga moja tu, nyuma kuna watu. Ukiangukia lile bonde la mbele ya grini, Valley of Sin, ni pata. Binamu alisukuma kutoka chini kabisa, mpira ukapanda, ukasimama hatua mbili kutoka shimoni.