Leza kwa makovu ya chunusi: kuchagua inayofaa ngozi nyeusi

Pitisha kidole juu ya alama. Kama ngozi iko sawasawa na kilichobaki ni weusi tu, hilo ni doa, si kovu. Hufifia polepole ukijikinga na jua, na leza ya kuchubua yaweza kulizidisha.

Ukikuta shimo, mulika taa ubavuni mwa uso uone umbo lake. Bonde pana lenye mteremko huwa limevutwa chini na nyuzi. Hizo hukatwa kwa sindano kwanza, leza baadaye. Kitundu chembamba chenye kina, leza haifiki chini yake: daktari hukitonesha tindikali ya TCA au hukikata. Leza hufaa zaidi mashimo mapana, mafupi, yenye kingo zilizosimama. Mwenye asili ya keloidi (makovu yanayovimba na kutanuka) aiepuke ile ya kuchubua.

Sasa mashine. Uliza ni ya nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake. Ya kaboni dioksidi (10,600) na ya erbiamu (2,940) huondoa tabaka la juu. Hufanya kazi kubwa, lakini ngozi nyeusi huachwa kirahisi na mabaka ya miezi. Ya 1,550 hupasha joto chini bila ya kuchubua. Uso huvimba siku 2 au 3, na huhitaji awamu 3 hadi 5, wiki 4 hadi 6 baina yake. Kwa wengi wetu Visiwani, anzia hapo, tena nukta za leza zinazopigwa usoni ziwe chache hata awamu zikiongezeka, kwa sababu mabaka huletwa zaidi na nukta zilizosongamana kuliko kina chake. Anayekuahidi kutakata kwa mara moja, mwache.

Taka majaribio padogo chini ya taya, usubiri wiki 4, maana weusi hauji siku ileile. Mwambie daktari kama unapaka mkorogo, unameza isotretinoini (dawa ya chunusi), au hutokwa na malengelenge mdomoni. Hayo ya mwisho huzuiwa kwa asiklovia, dawa ya virusi. Chunusi mpya zitulie kwanza.

Singo ya biharusi ni kusugua ngozi, kwa hivyo lingoje ngozi ipone. Biharusi amalize awamu miezi 3 au zaidi kabla ya harusi, kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi uimara, ipate kujijenga. Ukitibiwa Dar es Salaam, kwenye boti ya kurudi kaa ndani, jua lisikupige. Losheni ya jua iwe SPF 30 au zaidi, yenye rangi, kila saa 2 ukiwa nje. Ukiona usaha, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, rudi kwa daktari siku hiyohiyo.