Kumtafutia paka mzee nyumba mpya: tulivyomhamisha Kidoti kutoka Mkunazini hadi Fuoni

Jirani yetu wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, bi mkubwa aliyekwishapita miaka themanini, alichukuliwa na wanawe kwenda kuishi Dar es Salaam. Huko ni ghorofani, hakuna ua, na mjukuu ana pumu. Paka wake Kidoti, jike wa miaka 14, hakuwa na pa kwenda. Nimeshawahamisha paka kadhaa hapa mjini, ila karibu wote walikuwa wadogo. Huyu mzee alinifunza mengi, na nayaandika kwa sababu wiki hii nimeulizwa na watu wawili.

Kabla ya yote: usimpeleke sokoni. Wengi wataniambia, "Mwache Darajani au Malindi, samaki tele." Penye samaki pana paka wake, na madume ya pale hayamkubali mgeni. Kidoti amebaki na meno machache, atagombania vipi utumbo wa samaki? Atajificha akae na njaa, na paka asipokula siku mbili tatu ini lake huweza kuanza kujaa mafuta. Akifika hapo hata chakula ukimtilia mdomoni hakitaki.

Hatua ya 1: Daktari wa mifugo

Mpeleke kabla hujaanza kumtafutia mtu, ili ujue unamkabidhi paka wa namna gani. Paka wazee husumbuliwa sana na figo. Dalili ni kunywa maji mengi, kukojoa sana na kukonda. Kidoti alikuwa nazo zote tatu. Mchanje pia chanjo ya kichaa cha mbwa, na cheti kiende pamoja naye.

Na tafadhali, akionekana ana maumivu usimpe Panadol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Vilevile dawa ya kupe ya mbwa usimpake, nyingine ni sumu kwake.

Hatua ya 2: Mtu

Mimi nachagua mtu mzima anayeshinda nyumbani, asiye na mbwa wala mtoto mdogo wa kumvuta mkia paka. Vijana wanampokea kwa furaha, kisha wanapata kazi hotelini Nungwi na paka anabaki na mlango uliofungwa.

Tulitangaza barazani na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sema ukweli wote: umri, figo, meno. Wawili walikataa baada ya kusikia, na afadhali wakatae siku hiyo kuliko baada ya miezi miwili. Wa tatu, mama mmoja mjane wa Fuoni, alikuwa na wasiwasi wa udhu na sala. Tukamkumbusha hadithi ya sahaba Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi. Akasema, "Basi mleteni."

Hatua ya 3: Safari

Boksi la katoni silitaki kabisa: akikojoa tu, chini panalainika na paka yuko barabarani. Chukua kapu gumu la plastiki la nguo, lenye matundu na mfuniko, ulifunge kwa kamba pande mbili. Ndani weka kanga aliyokuwa akiilalia, *isifuliwe*. Kodi gari, usipande daladala. Ondokeni baada ya sala ya alfajiri, kabla ya jua na honi.

Hatua ya 4: Chumba kimoja, wiki tatu

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Paka mzee anaijua nyumba kuliko anavyokujua wewe. Anajua jiwe lipi lina baridi mchana na dirisha lipi linaingiza upepo. Ukimhamisha, vyote hivyo vimepotea kwa siku moja. Ndiyo maana asipewe nyumba nzima. Apewe chumba kimoja kidogo, mlango ufungwe, na dirisha liwe na nyavu. Nondo peke yake hazitoshi, anapenya.

Ndani ya chumba: ile kanga, mto wa kiti cha bi mkubwa, bakuli mbili za maji zilizo mbalimbali, na choo. Choo kiwe sinia pana lenye ukingo mfupi, kwa sababu magoti yake hayaruki karai tena. Watu hutia maranda ya seremala. Mimi natia mchanga, na juu yake konzi mbili za udongo wa pale alipokuwa akijisaidia zamani. Bila hiyo harufu Kidoti alijizuia siku nzima. Chakula ni vibua vya kuchemsha bila chumvi, vitunguu wala thomu (kitunguu saumu), uvichambue miba. Vitunguu na thomu vinaharibu damu ya paka.

Usiku wa tatu alilia sana. Mama wa Fuoni akanipigia, "Mwanangu, huyu ananitia huruma, nimfungulie kidogo?" Nikamwambia mfungulie. Kabla ya Isha paka ameshapanda ukuta wa ua.

Kesho yake nilizunguka kutwa. Niliamini anarudi Mkunazini, nikafuata barabara ya kuelekea mjini nikiuliza kila duka. Saa zile zote zilipotea bure. Paka anayetoroka mahali pageni, zaidi mzee, mara nyingi hajaenda mbali: amejibana karibu kabisa, na hajibu hata ukimwita. Kwa hiyo mtafute hivi. Ngoja usiku mtaa utulie, chukua tochi, uiweke usawa wa macho yako, umulike chini ya kila kitu kilichoinuka kutoka ardhini. Unatafuta macho yanayong'aa. Anzia mlangoni, nyumba ya jirani, kisha inayofuata. Omba ruhusa mchana ili usiku usidhaniwe mwizi.

Saa tisa usiku niliyaona, chini ya tangi la maji la jirani, hatua kama thelathini kutoka mlangoni. Hakutoka kwa samaki. Nilimwomba bi mkubwa sauti, naye kule Dar alikuwa hajalala. Akatuma: "Kidoti, njoo mama, njoo ulale." Niliipiga mara tano. Mara ya sita akatambaa hadi kwenye kanga.

Tangu siku ile kanuni yangu ni wiki tatu kamili chumbani, alie asilie. Kilio cha usiku hupungua. Kaa naye chumbani, soma, shona, usimshike mpaka aje mwenyewe.

Hatua ya 5: Kumfungulia

Kwanza ukumbi, siku kadhaa baadaye ua, akiwa na njaa na wewe una bakuli mkononi. Basi.

Hatua ya 6: Mizani

Mpime kila mwezi kwenye mizani ya duka, kwa sababu manyoya yanaficha kukonda. Akipungua robo kilo, rudi kwa daktari. Kidoti alifika Fuoni akiwa kilo 3 na robo. Jumamosi iliyopita alikuwa kilo 3 na nusu, na bi mkubwa akataka atumiwe picha ya mshale wa mizani.