Ishara ya mkono kwa aliyefungiwa ndani na anayempiga

Marufuku ya kutoka nje humfungia mtu pamoja na anayempiga, na kupiga simu ya msaada huku huyo anayempiga yupo chumba cha pili ni hatari. Kuna ishara iliyoanzishwa Kanada mwaka 2020, wakati wa korona, kwa ajili hiyo hasa. Kwenye simu ya video, onyesha kiganja, kunja kidole gumba ndani, kisha kifunike kwa vidole vinne. Haina sauti, wala haiachi ujumbe wa kusomwa baadaye.

Wewe unayeiona, tafadhali usishtuke wala kuuliza "anakupiga?" kwa sauti. Endelea na mazungumzo, uliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana: nikutafutie msaada? Maisha yakiwa hatarini, ita polisi mara moja. Vinginevyo mwache achague mwenyewe, maana askari wakiondoka, yeye ndiye anayebaki mle ndani.

Duka la dawa nalo husaidia, kwa kuwa kwa kawaida halifungwi wakati wa marufuku. Hispania mwaka huohuo wa 2020 anayepigwa aliweza kuagiza "Barakoa 19", na mfamasia akaelewa aite msaada.

Namba ya msaada ukishaipiga, ifute kwenye orodha ya simu.