Kutaisi kwa gari: kwa dereva aliyezoea Nairobi

Wageni wengi wanaokwenda nchi ya Georgia hulala Tbilisi, mji mkuu, wakaipitia Kutaisi siku moja na kurudi wamechoka. Mimi nasema hamia Kutaisi kabisa. Ni kama kilomita 230 magharibi mwa Tbilisi, na ukishafika, makanisa, mapango na makorongo yote yako karibu.

Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja. Utabadilisha Istanbul, Doha au Dubai. Kabla ya kuondoka, maliza mambo ya visa na uchukue kibali cha kimataifa cha udereva pale AA, chama cha wenye magari.

Sasa usukani. Kule wanaendesha upande wa kulia. Dereva aliyezoea kubanana na matatu Thika Road hujiona hashindwi, lakini foleni haina shida, kwani unafuata wenzako tu. Hatari ni asubuhi barabara ikiwa tupu, unapotoka kituo cha mafuta na mazoea yakakupeleka kushoto. Aliyekaa kando yako mpe kazi moja: aseme "kulia" kila mnapoingia barabarani. Kodi gari la otomatiki. Indiketa iko mkono wa kushoto, kwa hiyo utawasha waipa mara nyingi huku jua likiwaka. Ukipewa gari la Japani lenye usukani kulia kama yetu, kataa: kule huwezi kuona mbele ya lori unalotaka kulipita. Spidi ni 60 mjini, 90 nje ya mji na 110 barabara kuu. Ng'ombe nao hawajui hizo namba. Hulala katikati ya lami.

Anza na Gelati, kama kilomita 11 kutoka mjini. Monasteri hii ilianzishwa na Mfalme David wa Nne, aitwaye Mjenzi, mwaka 1106. Wanawake hufunika kichwa na kuvaa sketi, basi beba leso mbili, moja ya kichwa na moja ya kiunoni juu ya suruali. Usikimbilie ndani. Tafuta kwanza lango la zamani la kusini, ambako David amezikwa chini ya jiwe refu lililolala njiani. Inasemekana alitaka kila aingiaye amkanyage. Mama yangu alishika ukuta, akapita pembeni kwa ubavu. "Mfalme au si mfalme, maiti haikanyagwi." Ndani, juu ya madhabahu, kuna Bikira Maria wa vigae vidogo vya rangi, kazi ya karne ya 12.

Ukirudi, panda kilima cha Bagrati. Kanisa hili la karne ya 11 lilibomolewa na Waothmani mwishoni mwa karne ya 17, likakarabatiwa kwa vifaa vya kisasa hadi 2012. UNESCO haikupendezwa, ikalitoa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017 na kuibakisha Gelati. Kwa macho yangu UNESCO ilikuwa sahihi, ila mandhari ya mji na mto Rioni kutoka pale hayana mfano.

Pango la Prometheus, kama kilomita 20, usiliwekee Jumatatu kwa sababu hufungwa. Ndani ni baridi kama Limuru mwezi wa Julai, na ngazi ni nyingi, kwa hiyo vaa sweta na viatu visivyoteleza. Ukitoka, pitia Tskaltubo uone majumba ya mapumziko ya enzi za Usovieti, mengi sasa yameota miti ndani.

Okatse si ya kila mtu. Njia ya chuma inayoning'inia juu ya korongo ina mita 780, lakini kutoka kituo cha wageni unatembea msituni kilomita mbili kwanza, na kurudi ni mlima. Mwenye magoti mabovu mpeleke Martvili, anakoweza kukaa kwenye mashua ya mpira kati ya kuta za mawe. Mvua kubwa ikinyesha mashua husimamishwa, hivyo mwulize mwenye nyumba unayolala apige simu kabla hujawasha gari.