Jinsi ya kuhudhuria mashindano ya kuteleza kwenye barafu nchini Japani, na kurudi na singo ya wimbo ulioupenda

Ukifanikiwa kupata tiketi ya NHK Trophy, mashindano ambayo yalianza nchini Japani mwaka 1979, au ya ubingwa wa taifa unaofanyika mwishoni mwa Desemba, jiandae kwanza kwa baridi. Utakaa kwa muda mrefu karibu na barafu bila kusogea, kwa hiyo chukua blanketi la kufunika magoti pamoja na vile vifuko vya joto vinavyouzwa katika maduka madogo ya mitaani, ambavyo Wajapani huviita kairo. Glavu nene ziache nyumbani, kwa sababu makofi yanayopigwa kwa glavu nene hayasikiki, na makofi ndiyo kazi yako kubwa siku hiyo.

Fahamu mapema ni wakati gani unaruhusiwa kuinuka. Kila mchezaji huteleza mara mbili: mchezo mfupi huchukua dakika 2 na sekunde 40, mchezo mrefu dakika 4, na kila mmoja unaweza kuzidi au kupungua kwa sekunde 10. Wachezaji hugawanywa katika makundi ya watu wasiozidi sita, na kila kundi hupewa dakika 6 za kupasha mwili pamoja. Ukichelewa kurudi kutoka msalani, utazuiwa mlangoni mpaka mchezaji aliyemo uwanjani amalize, nawe usikasirike, kwa sababu mtu anayepita mbele ya watazamaji huweza kumharibia mchezaji umakini aliouandaa kwa mwaka mzima. Nafasi nzuri ya kutoka ni pale mashine inapoingia kulainisha barafu.

Jina la mchezaji likishatangazwa, ana sekunde 30 tu za kusimama mahali pake. Ni katika sekunde hizo ambapo mashabiki humwita kwa jina na kumpigia kelele "Ganba!", yaani jikaze, pambana. Nawe paza sauti bila haya, lakini mara anapotulia na kuinamisha kichwa, nyamaza kabisa. Ukumbi wenye maelfu ya watu hunyamaza hadi ukasikia makali ya viatu yakikwaruza barafu, na kwangu mimi hakuna sauti nzuri kuliko hiyo katika mchezo huu wote. Makofi hupigwa baada ya mruko kukamilika, si mchezaji anapojiandaa kuruka. Akianguka, usigune wala usishike kichwa. Tayari atakatwa alama 1 kwa kuanguka huko, mbali na alama anazopoteza kwa mruko wenyewe, na kinachomfaa ni makofi ya kumwinua. Muziki ukichangamka kuelekea mwisho, huenda watu wakaanza kupiga makofi ya kufuata mdundo. Wafuate, lakini usiwe wewe wa kuanzisha.

Mashabiki wengi huja na mabango ya kitambaa yenye jina la mchezaji, mengine yakiwa yameshonwa kwa mkono kwa ustadi mkubwa. Bango huinuliwa kabla ya mchezo na baada yake, nalo hushikwa usawa wa kifua ili aliye nyuma yako aone. Kuhusu kamera, katika kumbi nyingi za Japani kupiga picha wakati wa mashindano hairuhusiwi, hivyo izime simu na uiweke mfukoni.

Suala la zawadi linahitaji uangalifu zaidi. Aliyezoea taarabu anajua jinsi mtazamaji anavyoinuka kwenda kumtuza mwimbaji. Hapa mtazamaji hutuza kwa kurusha maua au wanasesere kwenye barafu, na watoto wanaojifunza mchezo huo huingia kuviokota. Yuzuru Hanyu, mzaliwa wa Sendai aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014 na 2018, alikuwa akirushiwa wanasesere wa Winnie the Pooh, yule dubu wa katuni mwenye rangi ya manjano, hadi barafu ikageuka rangi ya manjano. Ua linalorushwa lazima lifungwe kote kwa plastiki, kwa kuwa petali moja au uzi mmoja ukinasa chini ya makali unaweza kumwangusha mchezaji anayefuata. Hata hivyo, tangu janga la korona mashindano mengi yamepiga marufuku kurusha kitu chochote, na mengine huweka masanduku ya kupokea zawadi na barua, kwa hiyo soma tangazo la waandaaji kila mara kabla ya kununua chochote. Baadaye mchezaji anapoketi na kocha wake kusubiri alama, katika kile kiti ambacho Wajapani hukiita kisukura, mpigie makofi hata kama alama ni chache.

Nyimbo zenye maneno zimeruhusiwa kwa wachezaji mmoja mmoja tangu msimu wa 2014/15, lakini mahali pa kusikiliza zaidi muziki wa pop wa Kijapani ni onyesho la kufunga, ambalo halina majaji wala alama. Andika jina la wimbo, mwimbaji na mpigaji ala, kwa sababu ulichokisikia huenda si kile kilichomo katika singo, yaani CD ya wimbo huo inayouzwa dukani. Mwaka 2022, katika onyesho la kufunga la Olimpiki ya Beijing, Hanyu aliteleza kwa "Haru yo, Koi" iliyopigwa kwa piano na Shinya Kiyozuka. Ukinunua singo ya Yumi Matsutoya, mwimbaji wa wimbo huo, ya mwaka 1994, utapata wimbo uleule ukiwa na sauti ya mwimbaji na ala nyingine, si piano iliyokuliza ukumbini.

Singo mpya kwa kawaida hutoka Jumatano, na maduka mengi huiweka rafuni tangu Jumanne. Mara nyingi huwa na toleo la kawaida na toleo la kwanza lenye idadi maalumu, ambalo huambatana na video au kijitabu. Amua unalolitaka kabla ya kufika dukani, maana hilo la pili huisha upesi. Singo za zamani zitafute katika maduka ya vitu vilivyotumika kama Book Off. Zile za miaka ya tisini ni CD ndogo za sentimita 8, ndani ya jalada refu jembamba linaloitwa tanzaku. Chunguza kama jalada limekunjwa, kwa sababu lilitengenezwa ili liweze kukunjwa katikati, na wengi walifanya hivyo. Ukifika nyumbani, usiisukume CD hiyo katika redio ya gari inayomeza diski, kwani itakwama humo. Ipige katika mashine yenye sahani inayotoka nje, na uiweke katika ule mduara mdogo wa katikati.